Namna ya Kumchora Mchoraji Aliyepotelea Ziwani

Mchoraji Tom Thomson aliondoka na mtumbwi wake kwenye ziwa la Canoe Lake, Kanada, tarehe 8 Julai 1917. Mwili ulipatikana siku 8 baadaye, na hadi leo watu wanabishana alikufaje. Nimemchora mara nyingi hapa Kampala, nami nakushauri: usichore uso wake. Chora mtumbwi mtupu.

Kwanza nenda mwaloni Ggaba, kando ya Ziwa Victoria hapa Kampala, alfajiri, wavuvi wanaporudi. Mtumbwi usio na mtu huelea juujuu, ukageuzia upepo ubavu. Uchore kwa penseli mara kumi, hata mkono uzoee.

Kisha kata vibao vya sentimita 21 kwa 27 hivi, karibu na kipimo alichopenda Thomson. Mimi hubandika juu yake lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kwa gundi ya seremala, nikakiacha kikauke usiku kucha. Rangi iwe nyembamba. Wekundu wa gome ukichungulia chini ya maji huleta huzuni ambayo brashi yangu haijawahi kuiweza. Tafadhali usiufunike wote.

Kasia liache nje ya picha.