Kabla ya Kupanda Kuona Michoro ya Kolo
Ukitoka Dodoma mjini kwenda kuona michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, usikimbilie mlimani moja kwa moja, bali anzia ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo, kwenye barabara ya kwenda Babati, ulipie kibali na upewe mwongoza wageni. Ukifika juu, kaa kwanza kivulini dakika chache, kwa kuwa macho yaliyotoka juani huona madoa mekundu tu. Yakishatulia, utaanza kutofautisha twiga na watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu. Usiinyunyizie maji michoro ili ing'ae kwenye picha (wapo wanaoshawishika), maana rangi huharibika.