Kufunga barabara ya msituni bila kumfungia mwindaji njia

Geti langu la kwanza nililisimika penye uwazi, nyasi fupi kulia na kushoto. Ijumaa nilitia kufuli. Jumatatu nikakuta alama za matairi zimelizunguka, kufuli halijaguswa. Nilicheka peke yangu, kisha nikaanza kuling'oa.

Msitu wa umma unaoruhusu uwindaji hauhitaji kila njia ya magari ibaki wazi. Wanyama huikwepa injini. Katika msitu wa utafiti wa Starkey, huko Oregon, Marekani, elki, aina ya kulungu wakubwa, wameonekana kukaa mbali na barabara zinazopitisha magari. Kwa hiyo mwindaji anayelalamika kwamba umemfungia huenda ndiye atakayefaidi, ila akubali kutembea.

Anza na maji, geti baadaye. Subiri siku ya mvua kubwa, vaa buti, beba jembe na vijiti, uitembee barabara yote. Maji yanapoingia barabarani chomeka kijiti; yanapotoka, chomeka kingine. Ramani haitakuonyesha hayo.

Kalavati za barabara unayoifunga kabisa zing'oe. Najua inauma, maana zimegharimu, lakini baada ya hapo hakuna atakayekuja kuzizibua. Majani na matawi yakishaziba mdomo, maji hupanda juu na kuondoka na udongo wote mpaka mtoni. Palipokuwa na kalavati acha mkondo mpana wenye kingo zilizolala.

Kisha matuta ya kukatia maji. Yakae mshazari, nyuzi 30 hivi, yasiikate barabara moja kwa moja. Umbali unategemea mteremko: wa asilimia 5, tuta kila mita 40, wa asilimia 10, kila mita 25, wa asilimia 15, usizidishe mita 18. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni tuta zuri lisilo na mlango. Maji yanafika mwisho, yanakuta ukuta wa udongo, yanatuama, na usiku yanapasua. Chimba pa kutokea, paishie kwenye nyasi au rundo la matawi, si kijitoni. Mimi humwaga ndoo ya maji nyuma ya tuta na kuyafuata kwa macho. Yakisita, narudi na jembe.

Udongo ulioshindiliwa na magari miaka mingi hauoti kitu mpaka uutifue, sentimita 30 au zaidi. Panda nyasi na klova (majani ya malisho ya jamii ya kunde), mbegu safi zisizo na magugu. Wanyama watakuja kula hapo, na habari hiyo wawindaji huisambaza wenyewe.

Sasa geti. Litie kati ya kingo mbili au miti mikubwa, mahali ambapo gari haliwezi kuzunguka. Lirudishe ndani ya njia kiasi cha gari lenye tela kuegesha bila kuziba barabara kuu. Minyororo na waya kati ya miti sitaki kuisikia: mwenye pikipiki haioni jioni, na humkata shingo. Geti lipakwe rangi kali na libandikwe viakisi pande zote mbili. Pembeni acha upenyo wa mtu na mkokoteni wa kubebea windo, uupinde kama kiwiko ili pikipiki ikwame.

Kibao kianze na kinachoruhusiwa: kutembea ruksa, kuwinda ruksa kwa kibali, magari hapana. Nimeona watu wakigeuza kwa sababu kibao kilisema "Imefungwa" tu, nao wakadhani ni msitu mzima. Usifunge siku ya kuamkia msimu wa uwindaji. Tangaza mapema, na ubakize angalau barabara moja nzuri kwa wasioweza kutembea mbali. Jirani mwenye haki ya kupita apewe ufunguo wake.

Zimamoto nao wapewe wao kabla ya kiangazi, pamoja na namba ya geti kwenye ramani yao, wasije wakalikata kwa msumeno.