Hesabu zilizopotea: ninavyopima umbali wa bodi za redio

Mtu akipata bodi mbili za redio, mara nyingi hufanya hivi: moja anaiacha mezani, nyingine anaishika mkononi, anatembea huku akikodolea macho namba ya RSSI, yaani nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Namba ikiganda anahesabu hatua na kutangaza, "Inafika mita mia tatu!" Nami nilipima hivyo kwa muda mrefu, na mara nyingi nililazimika kurudi kuhamisha vifaa nilivyokwisha kuvifunga.

Shida ya RSSI ni kwamba bodi huiandika kwa pakiti iliyofika tu, yaani kifurushi kidogo cha data kinachorushwa hewani. Iliyopotea haiachi namba yoyote. Ukiwa mahali ambapo nusu ya pakiti zinaishia njiani, wastani unaouona ni wa zile zilizobahatika kupenya, kwa hiyo unapendeza kuliko hali ilivyo. Ni sawa na kuwauliza waliofika harusini kama barabara inapitika.

Kwa hiyo kila pakiti ninayotuma naipa namba ya mfuatano, na bodi inayopokea inaandika mstari mmoja kwa kila pakiti: namba, RSSI kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyozidi kuwa hasi, mawimbi ni dhaifu zaidi), na uwiano wa mawimbi kwa kelele kama chipu inautoa. Faili linakuwa hivi:

412,-93,4
413,-92,5
417,-94,3

Tazama: 414, 415 na 416 hazipo, ilhali RSSI haijatikisika. Zikipotea kwa mkupuo namna hiyo huku nguvu ikiwa ileile, mimi hushuku kwanza mtandao wa Wi-Fi wa jirani au kitu kilichokatiza katikati, umbali baadaye. Kwenye 2.4 GHz, masafa ambayo Wi-Fi nayo huyatumia, badilisha chaneli upime tena. Zikipotea mojamoja, huku na huku, na RSSI iko karibu na kikomo cha chipu, yaani mawimbi dhaifu kabisa inayoweza kuyasoma, hapo ndipo umbali umekushinda kweli.

Pakiti ngapi? Natuma 1000 kila kituo, yaani kila umbali ninaosimama kupima. Kwa kumi kila sekunde hazichukui hata dakika mbili. Ukituma 100 na zote zikafika, usishangilie bado: unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba upotevu hauzidi takriban asilimia 3. Kwa 1000 zilizofika zote, ni asilimia 0.3. LoRa, aina ya redio ya masafa marefu na data kidogo, ikiwa kwenye mwendo wa polepole kabisa ni habari nyingine, kwani pakiti moja yaweza kukaa hewani zaidi ya sekunde nzima, na kanuni za masafa hayo mara nyingi zinabana muda wa kutuma. Hapo naridhika na 200.

Kabla ya kuanza, zima kurudia kutuma na majibu ya uthibitisho. Vikiwaka, bodi itatuma pakiti ileile mara tatu kimyakimya, nawe utaona kila kitu kimefika. Urefu wa pakiti pia uwe ule utakaoutumia kazini: pakiti ya baiti 100 ina biti nyingi zaidi za kuharibika kuliko ya baiti 10.

Kama bodi zako zina soketi ya antena, anzia mezani. Ziunganishe kwa kebo kupitia vipunguza nguvu, ukianza na jumla kubwa ili usimlemee mpokeaji, kisha ongeza upunguzaji kidogokidogo mpaka pakiti zianze kupotea. Nguvu inayobaki hapo, yaani ya kutuma ukiondoa upunguzaji wote, ilinganishe na kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya chipu. Ikiwa karatasi inasema -100 dBm na yako inachoka kwenye -90, usivae viatu uende nje kupima; tatizo liko palepale mezani. (Bodi moja ifungie kwenye kopo la chuma, la sivyo mawimbi yatavuja hewani na kuruka kebo. Na usiwashe bodi itume bila antena wala kebo, unaweza kuua sehemu ya kukuza nguvu.)

Mimi lilinikuta lingine. Bodi ya 2.4 GHz ilikuwa inapoteza pakiti ndani ya chumba kimoja. Nilibadilisha antena, nikabadilisha programu, nikalala nayo. Kumbe diski ya nje ya USB 3.0 ilikuwa imechomekwa kwenye laptopu, sentimita chache kutoka bodi, na USB ya aina hiyo humwaga kelele kwenye masafa hayohayo. Nilichomoa diski, pakiti zikarudi zote. Tangu hapo bodi inayopokea inaandika kwenye kadi ya kumbukumbu na kula umeme wa pawabenki, laptopu inabaki mbali. Ila angalia pawabenki: nyingine huona bodi inakula umeme kidogo mno, zikajizima, ukadhani mawimbi ndiyo yamekatika.

Nje, antena iende juu ya fimbo ya mbao kavu au ya plastiki, isishikwe mkononi. Mwili ni maji, na maji hunyonya mawimbi. Nikigeuka tu na kuipa mgongo bodi ya pili, napoteza desibeli 10 na zaidi, yaani nguvu inabaki sehemu moja ya kumi au chini yake. Urefu nao si urembo. Kwenye 2.4 GHz, kwa mita 300, mawimbi yanahitaji nafasi yenye nusu kipenyo cha karibu mita 3 katikati ya njia, na walau asilimia 60 ya hiyo iwe wazi. Fimbo ya mita moja maana yake ardhi imekula sehemu yako. Naanzia mita mbili.

Pima mita 50, 100, 200. Kwenye uwazi kamili, kila umbali ukiongezeka maradufu RSSI hushuka desibeli 6. Ikishuka 15 ghafla, tafuta kilichoko njiani. Na usipime sehemu moja tu ya kila kituo: mawimbi yanayoakisiwa huuana mahali fulani na kusaidiana sentimita chache pembeni. Nasogeza fimbo kama sentimita 6, nusu ya urefu wa wimbi, mara tano, na ninayoiandika daftarini ni ile mbaya kuliko zote. Kisha nabadilishana bodi, anayetuma awe mpokeaji, kwa kuwa kelele ya upande mmoja haionekani ukipima upande mwingine.

Jibu langu huandikwa hivi: mita 200, antena mita 2, baiti 20, nguvu 0 dBm, zimetumwa 1000, zimefika 987. "Inafika mbali" siandiki.

Mwisho kabisa, nikiwa mahali kifaa kitakapokaa, napunguza nguvu ya kutuma kwa desibeli 10 na kupima upya. Zikifika kama mwanzo, nafunga skrubu. Zikianza kupotea, naongeza urefu wa fimbo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.