Somo: Kuipima kaunti kabla ya kuhamia shambani (mfano: Makueni, Kenya)

Usiende kuangalia shamba Desemba. Wakati huo Makueni yote ni kijani, na hata ardhi mbovu hupendeza. Nenda Septemba, uone watu wanateka maji wapi na mtungi wa lita 20 unauzwa bei gani.

1. Maji. Hapa ndipo wengi hushindwa. Ukambani, Makueni ikiwemo, mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba. Ya Machi hadi Mei ndiyo dhaifu, na ndiyo inayotangulia kiangazi kirefu. Kwa hiyo tangi lako lazima lijae kwa mvua ile mbovu. Piga hesabu: watu 5 × lita 20 kwa siku × siku 150 za kiangazi = lita 15,000, bila mifugo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Toa asilimia 20 inayopotea. Paa la mita 60 za mraba linahitaji basi milimita 313 hivi msimu huo. Kama hazipatikani, ongeza paa kwanza. Tangi kubwa chini ya paa dogo halijai.

2. Mwaka mbaya. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua. Waulize majirani wa shamba hilo walikula nini, waliuza nini, maji yalitoka wapi. Soma pia taarifa za kila mwezi za NDMA (mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame) za kaunti hiyo kwa miaka hiyo.

3. Mahali ndani ya kaunti. Milima ya Mbooni hupata mvua nyingi kuliko Kibwezi, ila miteremko humomonyoka. Upande wa Mtito Andei uko karibu na mbuga ya Tsavo: uliza habari za ndovu. Pima mwendo hadi hospitali wakati wa matope.

4. Hati. Fanya upekuzi wa hati miliki, kisha pata kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi kabla ya kulipa.

Maswali ya wanachama

*Si afadhali kuchimba kisima kirefu?*
Maeneo ya chini mara nyingi maji yana chumvi. Yapeleke maji ya kisima cha jirani maabara kwanza; floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

*Mahindi nimeanika wiki nzima, mbona yana ukungu?*
Huenda uliyaanika juu ya udongo. Tumia turubai. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika 15: chumvi ikiganda kwenye kioo, bado ni mabichi, hata gunia lisilopitisha hewa halitayaokoa. Yenye ukungu usile, usimpe ng'ombe; kupika hakuondoi sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu). Mwaka 2004 iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui.

*Shamba kando ya mto wa mchanga linafaa?*
Kwa maji, sana: ukichimba mchangani unayapata hata kiangazini. Nyumba ijenge juu ya alama ya takataka za mafuriko zilizonasa kwenye miti, na usivuke mto ukiwa umejaa. Desemba 2021 mto Enziu, Kitui, ulisomba basi zima.