Somo: Kununua nyumba kwenye mtaa wa geti ulio kando ya bwawa la umma

Habari zenu wote. Haipiti wiki kabla mtu hajaniuliza: "Nimeona nyumba nzuri kando ya bwawa, nianzie wapi?" Nimejibu kwa simu, nimejibu nje ya kanisa, nimejibu kwenye vikundi vya WhatsApp. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hapa. Mimi ni mkazi wa mtaa wa aina hiyo na niko kwenye kamati, kwa hiyo hati za majirani na malalamiko yao hunipitia mikononi. Si wakili. Wakili mtamhitaji, na nitasema wapi.

Kabla ya yote: bwawa si la mtaa. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaweka mito, maziwa na maji mengine ya aina hiyo katika ardhi ya umma. Hata tangazo likiandika "ziwa letu", unachonunua ni nyumba na ardhi iliyo kwenye hati yake, basi. Kazi yako kubwa ni kujua mstari kati ya ardhi hiyo na maji umepita wapi hasa.

Hatua ya 1. Amua kama unataka nyumba iliyokwisha kujengwa au ya kwenye ramani. Ya ramani, lipa kwa awamu zinazofuata ujenzi, si tarehe za kalenda.

Hatua ya 2. Nenda ukaione mwenyewe wakati wa masika, Aprili au Mei. Kiangazini kila bwawa linapendeza. Kisha ufuate mto unaolijaza, uende juu mpaka uone unakotoka. Bwawa la Nairobi pale Lang'ata lilijengwa 1953, na kuna wazee wanaokumbuka watu wakiendesha mashua za tanga. Leo limefunikwa na gugumaji, kwa sababu kijito cha Motoine kinaleta maji taka na takataka za mitaa iliyo juu yake. Nyumba zinazolitazama hazina kosa lolote, ila anayelala humo anafunga madirisha. Usiulize maji yanaonekanaje, uliza yanatoka wapi.

Hatua ya 3. Fanya sachi ya hati, yaani upekuzi kwenye rejista ya ardhi. Kwa Nairobi inafanyika kwenye Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021. Kaunti jirani, mwachie wakili ajue faili iko wapi. Unatafuta jina la mwenye ardhi, deni la benki, kizuizi chochote, na kama ni ardhi ya kukodishwa, miaka iliyobaki.

Hatua ya 4. Mpima ardhi na ukingo wa maji. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Jirani yangu mmoja alinunua nyumba ya safu ya mbele. Muuzaji alimwonyesha ua wa miti chini karibu na maji, akamwambia mpaka ni pale. Akajenga banda zuri la kupumzikia, sakafu ya mawe, paa la makuti. Mwaka uliofuata maafisa walikuja wakalichora alama ya X nyekundu. Tulipoita mpima ardhi, alianza kwenye ramani, akapima kutoka kona ya barabara, akasimama katikati ya nyasi na kusema tuchimbe hapo. Panga likagonga saruji. Bikoni, yaani alama rasmi ya mpaka, ilikuwa imefunikwa na nyasi ya kikuyu kwa miaka, kipande cha chuma kimezama kwenye zege, na banda lote lilikuwa upande wa pili, upande wa maji. Ua ule ulipandwa na mtu tu, haukuwa mpaka wa chochote.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, lipa mpima ardhi mwenye leseni. Achukue ramani rasmi kutoka ofisi za upimaji Ruaraka, afike shambani, azifukue bikoni zote na akupe ripoti kwa maandishi. Usimtumie mpima ardhi wa mwenye mradi. Hata kama ni mwaminifu, anayemlipa si wewe.

Onyo la kwanza: bikoni zikiwa sawa, hujamaliza. Ukingo wa maji, yaani ule ukanda kando ya maji usioruhusiwa kujengwa, ni jambo jingine kabisa. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 ziliweka ukingo wa mto kuwa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Kwa ziwa au bwawa, kipimo kilikuwa mita 2 za kimo au mita 30 za ulalo, ipi iwe ndogo, kuanzia *pale maji yalipowahi kufika juu kabisa*. Narudia: hawapimi kutoka maji yalipo leo. Ukipima kwa hatua za miguu wakati wa ukame, unajidanganya. Kanuni zimefanyiwa marekebisho tangu hapo, kwa hiyo wakili akuandikie kipimo kinachotumika kwa bwawa lako.

Onyo la pili: kipande cha ukingo kinaweza kuwa ndani ya hati yako na bado usiruhusiwe kujenga, kulima wala kumwaga kifusi juu yake. Hati inasema ni cha nani, haisemi unaweza kukifanyia nini.

Onyo la tatu ni kwa wanaosema "mbona wengine wamejenga". Agosti 2018 jumba la South End kule Lang'ata na Ukay Centre ya Westlands yalibomolewa kwa sababu ya ukingo wa mto. Yalikuwa majumba ya biashara, watu wanaingia na kutoka kila siku. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 za mito ya Nairobi. Kwamba jengo limesimama miaka mingi si kinga.

Hatua ya 5. Jua nyumba iko juu ya ukuta wa bwawa au chini yake. Ukiwa chini, uliza nani anamiliki ukuta, nani anaukagua, na maji ya ziada yanatokea wapi. Mei 2018 bwawa la Solai, Nakuru, lilipasuka usiku na kuua zaidi ya watu 40 waliokuwa wakiishi chini yake. Mimi singenunua chini ya ukuta kwa bei yoyote.

Hatua ya 6. Mkataba wa mauzo. Kawaida ni asilimia 10 mwanzo na siku 90 za kukamilisha. Pesa ziende kwa wakili, kamwe si kwa broka. Muuzaji akiwa ana mke au mume, idhini ya mwenzake iwepo kwa maandishi. Ardhi ikiwa bado ni ya kilimo, kama sehemu nyingi za Kiambu, lazima kibali cha bodi ya ardhi, na sheria inataka maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba.

Hatua ya 7. Kodi ya stempu ni asilimia 4 mjini, asilimia 2 mashambani, kwa thamani itakayotolewa na mthamini wa serikali. Nyumba ya milioni 15 mjini ni laki 6, ziwe tayari pembeni. Ukichukua mkopo, ongeza asilimia 0.1 ya mkopo kwa kusajili dhamana ya benki. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Usikubali ibandikwe kwako.

Hatua ya 8. Kampuni ya mtaa, ile ambayo wenye nyumba ni wanahisa wake. Omba hesabu za miaka mitatu, kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho, na orodha ya wanaodaiwa ada ya mwezi. Uhakikishe unapewa hisa yako. Soma sheria za mtaa zinasema nini kuhusu mashua, uvuvi, na njia ya wananchi wa nje kufika majini.

Ulizeni sasa.

---

MamaWawili_Ruaka: Asante sana dada. Bei ni ngapi kwa sasa?

Mwandishi: Bei ya nini, mama? Siuzi nyumba.

kevo_sys: Sijasoma yote, ni ndefu. Naomba kujua tu kama naweza kuweka gati dogo la mashua mbele ya nyumba.

Mwandishi: Hatua ya 4.

kevo_sys: Lakini ni la mbao tu, si jengo.

Mwandishi: Hatua ya 4, onyo la pili. Mbao au zege, pale si pako pa kujenga bila kibali. Soma kwanza ndugu yangu, nimeandika kwa ajili yako.

Wanjiru_M: Nimesoma mara mbili. Swali: kama bwawa halina kipimo cha maji wala kumbukumbu, nitajuaje maji yaliwahi kufika wapi?

Mwandishi: Swali zuri sana hili, Wanjiru. Anza na ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya eneo hilo, uombe kwa barua. Wakati unasubiri, tembea ukingoni. Tazama mashina ya miti: tope la zamani huacha mstari mkavu wa rangi ya kijivu. Tafuta uchafu ulionasa kwenye nyaya za ua, majani makavu na vipande vya plastiki vilivyojipanga kimo kimoja. Migunga ile ya gome la manjano hupenda udongo wenye maji karibu, ukiiona imefika mpaka kwenye yadi ya nyumba, jiulize. Kisha wasalimie wachungaji. Wao huwa wanajua mwaka gani walilazimika kuzungukia juu. Hayo yote hayatoshi mahakamani, ila yanakwambia kama inafaa umlipe mpima ardhi arudi kuchukua vimo.

Wanjiru_M: Nimefurahi. Nitaenda Jumamosi na baba, yeye ndiye wa kuongea na wachungaji.

Mwandishi: Mwende asubuhi mapema, wanaponywesha ng'ombe. Na mtazame wanapitia njia gani. Mtaa ukiwa umeifunga kwa ukuta, kesi itakuja, na wakili mtamlipa kwa ada yenu ya mwezi.

BossMuthoni: Unatisha watu bure. Mimi nilinunua 2019, broka akaniambia imepimwa, na sijaona afisa yeyote.

Mwandishi: Sitishi mtu. Una ripoti ya mpima ardhi yenye sahihi?

BossMuthoni: Nina hati.

Mwandishi: Hata jirani yangu alikuwa na hati. Hujachelewa, mwite mpima ardhi sasa kabla hujajenga kitu kingine. Nimeandika haya kwa sababu nilikuwepo banda likibomolewa, mke wake akikusanya mawe ya sakafu. Kama kwako kila kitu kiko sawa, nitafurahi kwa moyo wote.

Abdalla_Doha: Assalaam alaykum. Niko Qatar, kaka yangu ndiye atakayesimamia. Nifanyeje?

Mwandishi: Wa alaykum salaam. Mpe kaka hati ya uwakilishi inayotaja nyumba hiyo moja tu, si mali zako zote, na isajiliwe. Wakili awe wako, si wa kaka wala wa muuzaji, na mwongee naye kwa video angalau mara moja. Ripoti ya mpima ardhi itumwe kwako moja kwa moja. Na umwombe kaka akupigie video akiwa amesimama juu ya kila bikoni. Si kwamba humwamini, ila hata yeye anaweza kuonyeshwa ua wa miti.

Abdalla_Doha: Allah akulipe kheri. Mke wangu ni raia wa kigeni, tunaweza kuandika majina mawili?

Mwandishi: Asiye raia anaruhusiwa ardhi ya kukodishwa tu, isiyozidi miaka 99, ni kifungu cha 65 cha Katiba. Kama hati ni ya umiliki wa kudumu, mwulize wakili kabla jina lake halijaingia popote.

Otis_Lakeside: Na Naivasha je? Kuna ploti kule za wikendi, bei ni nafuu.

Mwandishi: Unafuu huwa na sababu. Maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda. Mtaa wa Kihoto, Naivasha, uliingiwa na maji 2020, watu wakahama nyumba zao. Kila nilichoandika hatua ya 4 kizidishe.

nyokabi.n: Naongeza kuhusu Naivasha: uliza viboko wanapitia wapi. Usiku wanatoka kula nyasi, na wana njia zao. Shangazi yangu hufunga mlango saa moja jioni, na hatoki hata mbwa akibweka.

Mwandishi: Asante Nyokabi, hili sikuwa nalo. Kiboko si mchezo.

fundi_Juma: Mimi ni fundi, naomba niongeze upande wa msingi. Kusini na mashariki mwa Nairobi kuna ule udongo mweusi, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kando ya bwawa unalowa na kukauka kila msimu. Tazama kuta kwenye pembe za madirisha, ufa wa mshazari unaoanzia pale ni wa msingi, si wa plasta. Na kama pembe moja ya nyumba imepakwa rangi mpya peke yake, uliza.

Mwandishi: Juma, hii nitaiingiza kwenye hatua ya 2. Je, ufa wa zamani na mpya mtu anatofautishaje?

fundi_Juma: Wa zamani una vumbi na utando wa buibui ndani, kingo zimezeeka. Mpya ni mweupe, ukipitisha kucha unaacha unga. Mnunuzi akiwa na muda, abandike kipande cha karatasi kuvuka ufa kwa gundi, arudi baada ya mvua. Ikiwa imechanika, nyumba bado inatembea.

MamaWawili_Ruaka: Nimesoma sasa, nisamehe dada. Na mbu?

Mwandishi: Hakuna shida mama. Mbu wapo, hasa jioni. Wavu wa madirisha uwe wa fremu inayofunguka ili uoshe, na uuweke pia kwenye matundu ya hewa ya juu, ambayo wengi husahau. Fundi Juma, wavu wa alumini au wa plastiki?

fundi_Juma: Alumini. Wa plastiki paka ataupasua wiki ya kwanza.