Gari ya mitumba Kampala: anza Kisekka kabla hujafika bondi

Watu wengi wakitaka gari wanaanza na pesa waliyonayo na rangi wanayoipenda, wanaenda bondi (yadi za magari yaliyoagizwa nje) za Nakawa au Jinja Road, wanazunguka nusu saa, wanalipa. Mi nakuomba ufanye kinyume. Kabla hujafika bondi yoyote pita Kisekka, soko la spea hapa Kampala, ingia maduka matatu, uliza bei ya vitu vitano vya gari unayoitamani: shokapu za mbele, rejeta, taa ya mbele, giaboksi na injini ya mitumba. Andika kwenye simu. Wakikuambia "hiyo mpaka tuagize" kwa vitu viwili vitatu, achana na hiyo gari hata kama bei yake ni tamu, maana siku ikiharibika utakaa mwezi mzima unapanda boda na gari yako imelala gereji.

Nasema hivi kwa sababu spea zimepanda na sioni zikishuka. Karibu kila kitu kinanunuliwa nje kwa dola, kinashukia Mombasa halafu kinasafiri zaidi ya kilomita 1,100 mpaka huku, kwa hiyo shilingi ikiyumba kidogo au dizeli ikipanda, duka linaongeza bei wiki hiyo hiyo. Na mashimo ya barabara zetu mnayajua, bushi na boljointi za miguu ya gari tunabadilisha kama nguo. Bei ya bondi unalipa mara moja tu, bei ya Kisekka utailipa mpaka siku unaiuza.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Nilinunua Toyota Noah kwa muuzaji mmoja hapa Kampala, dashibodi inasoma kilomita 76,000, ndani safi, inanukia vizuri, nikaamini. Miezi minne baadaye injini inatetemeka ikisimama kwenye foleni, napeleka kwa fundi, anafungua mlango wa dereva, anainama pale kwenye fremu ya mlango, ananiita, "bosi njoo uone." Kulikuwa na stika ndogo ya Kijapani, ya mtu aliyebadilisha oili kule, imeandikwa mwaka 24 na kilomita 118,400. Huo mwaka 24 ni wa hesabu yao ya Heisei, unajumlisha 1988 unapata 2012. Yaani 2012 gari ilikuwa tayari imepita 118,000 na mimi nauziwa 76,000 miaka mingi baadaye! Stika ilikuwepo siku zote, sikuinama tu. Sasa nikienda kuangalia gari ya mtu kitu cha kwanza ni hizo stika, kwenye fremu ya mlango na chini ya boneti, na ukikuta alama ya gundi mahali stika imebanduliwa, uliza kwa nini.

Hiyo Noah ilikuwa na tatizo la pili ambalo ningelijua kabla ya kulipa. Injini yake ni D4, ile 1AZ-FSE, inayopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Inataka petroli safi na fundi anayeielewa, inajaza masizi kwenye njia za hewa, na pampu yake ya presha kubwa ni ghali. Kwa hiyo usiulize tu "ni Premio au ni Noah", uliza injini gani. Njia rahisi ni kusoma namba ya chesisi. Kwa Toyota Premio ya zamani ikianza NZT240 ni injini ya 1NZ ya cc 1500, hiyo mi naipenda, mafundi wote wanaijua na spea zimejaa. ZZT240 ni 1ZZ ya 1800, za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, angalia vizuri. AZT240 ndiyo D4, iache. Ukipanda juu kidogo NZT260 nayo ni 1NZ, nzuri. Subaru Forester ni gari tamu kwenye barabara mbaya ila gasketi ya silinda hedi ikienda, andaa pesa. Nissan X-Trail zenye giaboksi ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za kawaida) mi siwashauri watu wenye bajeti ndogo, nisamehewe na wenye nazo.

Ukishachagua aina ndio uende kuangalia, na uende asubuhi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti, kama ina joto ujue ameipasha ili kuficha kitu, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi fungua kifuniko cha oili, kigeuze uangalie chini yake, ukiona povu la rangi ya chai ya maziwa hapo maji na oili yanaweza kuwa yamekutana, mara nyingi ni gasketi. Fungua na rejeta (ikiwa baridi tu, tafadhali, watu wameungua uso) uangalie kama kuna mafuta yanaelea. Halafu mtu mmoja awashe na wewe usimame nyuma kwenye ekzosti: moshi wa bluu ni oili inaungua, moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia ndani.

Mafuriko. Kampala ikinyesha mtaa wa Bwaise unajaa maji na kuna magari yanalala majini, yanakaushwa, yanapigwa polishi, yanauzwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, ile sehemu ambayo huwa haitoki, ukiona mstari wa tope au doa la kahawia gari imekunywa maji. Pitisha mkono chini ya kiti utafute kutu kwenye reli. Waya zikishaoza kutu, taa za dashibodi hazitaisha kuwaka. Kwenye huo huo mkanda kuna lebo ya tarehe ulipotengenezwa, inakusaidia kujua umri wa gari, maana namba ya usajili inayoanza na UB inakuambia tu ilisajiliwa lini Uganda. Toka 2018 sheria inakataza kuingiza gari iliyofikisha miaka 15 au zaidi, ila zilizoingia kabla ya hapo bado zinauzwa mkononi kila siku.

Kuendesha, usikubali kuzungushwa kwenye lami laini peke yake. Ipandishe mlima wa Muyenga, giaboksi ikiteleza injini italia bila gari kuvuta. Ipitishe murram, barabara ya udongo, usikilize miguu ya gari. Kata usukani mpaka mwisho uende polepole, ukisikia ka-ka-ka hiyo ni sivi jointi, kiungo kinachozungusha gurudumu. Na uende na fundi wako mwenyewe, sio yule anayekaa nje ya bondi, mlipe siku yake.

Makaratasi yaangalie kabla hujatoa hata advansi. Jina la kwenye logbuku (kadi ya umiliki wa gari) lifanane na kitambulisho cha anayeuza, namba ya chesisi isome wewe mwenyewe kwenye chuma, sio kwenye karatasi. Watu wengi wanakopa kwa kuweka logbuku, kwa hiyo tafuta kwenye SIMPO, rejista ya dhamana ya URSB (ofisi ya usajili ya serikali), kama gari haijawekwa dhamana, na uliza faini za barabarani za EPS zinazodaiwa kwenye hiyo namba. Lipa kupitia benki, na transfa ifanyike mara moja, usiendeshe mwaka mzima kwa jina la mtu.

Pesa yako usiimalize kwenye gari. Kama una milioni 25 tafuta ya 22, hiyo iliyobaki utaihitaji wiki ya kwanza: oili ya injini na filta, plagi, kulanti, bushi zilizochoka, na matairi kama yamezeeka (soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu, 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya 2019). Kama ni CVT nunua wewe mwenyewe oili maalumu ya CVT, uibebe mkononi mpaka gereji na usimame pale ikimiminwa, fundi akikuambia ile nyekundu ya giaboksi za kawaida inafanya kazi hiyo hiyo, funga boneti uondoke.