Kabla ya kutua Wilson upepo ukiwa wa ubavuni

Gurudumu la kushoto lilikuwa limeshagusa lami nikajiona nimefika, nikalegeza mikono. Upepo ulikuwa unatoka kushoto. Ukainua bawa la upande huo, pua ikaufuata, na kabla mguu wangu wa kulia haujakanyaga vya kutosha pedali ya usukani wa mkia ndege ilikuwa majanini, gurudumu la mbele limevunjika, propela imepinda. Nilikuwa mwanafunzi, peke yangu ndani ya Cessna 152, ndege ndogo ya viti viwili. Sikuumia. Mambo ninayowaambia wanafunzi tangu siku hiyo karibu yote hufanywa injini ikiwa bado baridi.

La kwanza ni hesabu, na hapa usione uvivu. Wilson, uwanja wa ndege wa hapa Nairobi, ina njia mbili za kurukia: moja ni 07 ukitua kuelekea mashariki na 25 ukija upande wa pili, nyingine ni 14 na 32. Namba hizo ni uelekeo wa dira bila sifuri ya mwisho: 07 ni nyuzi 070, 14 ni nyuzi 140. Tuseme upepo unatoka nyuzi 050 kwa noti 14 (noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa). Anayetua 07 ana tofauti ya nyuzi 20, kwa hiyo ubavuni anapigwa na noti 5 hivi. Anayetua 14 ana nyuzi 90 kamili: anazipokea zote 14. Ukiwa angani huna nafasi ya kukokotoa, basi shika hivi: nyuzi 30 ni nusu ya upepo, 45 ni kama asilimia 70, kuanzia 60 hesabu upepo wote.

Kitabu cha Cessna 152 kinataja noti 12 kuwa upepo wa ubavuni uliojaribiwa na kuonekana unawezekana. Aliyejaribu alikuwa rubani mzoefu. Wewe mwenye saa 20 za kuruka unahitaji namba yako, ndogo zaidi, mliyokubaliana na mwalimu na kuiandika kwenye karatasi unayofunga pajani. Mimi sikuwa nayo. Mnara wa kuongozea ndege uliponisomea upepo, nyuzi 050 noti 14, niliitikia tu na kuendelea na njia ya 14 iliyokuwa ikitumika. Ningeweza kuomba 07, hata kama ningezungushwa dakika kumi nikingoja zamu. Kuomba ni haki yako, na wanaoongoza ndege wangependa uombe mapema kuliko kutuma gari la zimamoto.

Saa ya kuruka nayo ichague. Asubuhi mapema upepo wa Nairobi huwa mtulivu. Jua likishachoma nyika za Mbuga ya Taifa ya Nairobi na Athi, upepo huja kwa mikupuo, na namba ya mnara hubadilika ungali unageuka kuja kutua. Kati ya Novemba na Machi tarajia kaskazi, katikati ya mwaka kusi.

Halafu kuna urefu wa mji wetu. Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 25, injini na mabawa hufanya kazi kana kwamba uko futi 8,000. Saa ya mwendo ikikuonyesha noti 60, mwendo wako halisi ni karibu 68, na ardhi inapita kasi kuliko ulivyozoea kusoma vitabuni. Kupaa tena pia ni kwa unyonge. Kwa hiyo kabla ya kuja kutua panga mchanganyiko wa mafuta na hewa kwa urefu huu. Ukiusukuma mpaka mwisho kama walio pwani, injini italewa petroli wakati ule ule unaoihitaji.

Kiti. Kivute, kitikise, hakikisha kimejifunga kwenye reli. Kama mguu haufiki mwisho wa pedali, tafuta mto wa mgongoni; nusu ya usukani wa mkia haitoshi siku ya upepo.

Sasa uamuzi. Sema kwa sauti kabla hujashuka: nikiwa juu ya lami na pedali imefika mwisho na pua bado haijanyooka na njia, napaa tena. Usiache swali hilo likukute magurudumu yakiwa mita moja juu ya ardhi, maana hapo moyo unataka kutua tu. Na ukitua, gurudumu la upande wa upepo liguse kwanza, kisha endelea kuzungusha usukani wa mikono kuelekea upepo, uongeze kadiri mwendo unavyopungua, mpaka umeegesha. Hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Ikitokea umetoka njiani, kata mafuta, zima sumaku za injini (zinazotoa cheche) na umeme, fungua mlango, utoke ukielekea nyuma ya ndege, mbali na propela. Usiisogeze ndege. Wachunguzi wa ajali watataka kuikuta ilivyolala.